Jina la Nani Limo Kwenye Viza Yako?

Maneno haya niliyasema Jumamosi alasiri huko Tononoka, Mombasa, mbele ya wacheza sarakasi, wacheza ngoma, wanamitindo na wazazi wao. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Assalaam alaykum. Hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Na nyinyi wadogo zangu mlioegemea ukuta kule nyuma, nawaona. Nimefurahi mmekuja, maana nyinyi ndio hasa niliowajia.

Jumanne usiku binti mmoja wa Kisauni alinitumia ujumbe. Amenipa ruhusa niusome, jina lake nimeliacha. Unasema hivi: "Wanatafutwa wachezaji sita, wasichana, urefu kuanzia futi tano na inchi sita. Dubai, miezi mitatu. Tiketi na chumba juu yetu. Viza ya matembezi tutakufanyia. Kazi ni ya frilansi, unalipwa kwa sho." Wazee, frilansi ni kazi ya kujitegemea, isiyo na mwajiri. Chini yake ameongeza maneno yake mwenyewe: "Dada, hii ni sawa?"

Sikumjibu usiku ule. Nilikaa na simu mkononi, nikausoma mara tatu nne, kwa sababu ujumbe huo ningeweza kuuandika mimi kwa kumbukumbu. Wangu niliupata mwaka 2015, ila wangu ulisema China.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi nilikuwa animeta. Wazee, animeta ni yule kijana anayewachezesha watalii mpira wa majini asubuhi, mchana anawafundisha kusema "hakuna matata", na usiku anapanda jukwaani amevaa sketi ya majani. Nilifanya kazi hiyo miaka minne kwenye mahoteli ya Shanzu na Bamburi. Sho moja shilingi 500 baada ya kugawana, sahani ya chakula cha wafanyakazi, kisha matatu ya saa tano usiku kurudi Mtopanga. Wacheza sarakasi walikuja kwa zamu, leo hoteli hii, kesho ile, na piramidi yao ya watu, pete zao za moto na limbo. Wengi walikuwa wamejifunzia mchangani, ufuoni, bila mkeka wala mwalimu wa cheti. Walikuwa hodari mno. Nimeona sarakasi za nchi nyingine tangu wakati huo, na bado nasema walikuwa hodari mno.

Mei 2014 Uingereza ikatoa tahadhari ya usafiri juu ya Mombasa kwa sababu ya mashambulizi ya wakati ule, na wageni wake waliokuwa likizoni hapa wakarudishwa kwao kwa ndege kabla siku zao hazijaisha. Niliyaona mabasi yakitoka getini na masanduku. Mahoteli mengine yakafunga, mengine yakapunguza watu. Habari za siku zile zilizungumzia wapishi, wahudumu na watandika vitanda walioachishwa, na ilikuwa haki yao kuzungumziwa. Sisi wa sho hatukuachishwa. Hatukuwa kwenye orodha yoyote ya kuachishwa. Simu ilinyamaza tu. Miaka minne nimechezea jukwaa lile lile, na siku ya kuhesabiwa nikakuta sikuwahi kuandikwa popote. Nawaomba mlishike jambo hilo, la kutoandikwa popote, kwa sababu ndilo lililonifuata mpaka China.

Mwaka uliofuata mtu aliyekuwa akituongoza kwenye kikundi akaja na habari. Huko China, akasema, kila mji una bustani ya burudani, kila jumba jipya linafunguliwa kwa ngoma, na Mwafrika anayejua kucheza hakosi kazi. Hayo yalikuwa kweli. Nataka niliseme wazi: kazi ilikuwepo. Wako watu wazima wanaowaambia vijana kwamba kila ajira ya nje ni uongo, na kwa kusema hivyo wanajikosesha kuaminiwa, maana kijana anamjua jirani yake aliyejenga nyumba Mtwapa kwa pesa ya sarakasi. Nyumba ile ipo, anaipita kila siku.

Tulikwenda sita, wanaume wanne na wanawake wawili. Viza tulizopewa zilikuwa za herufi M, yaani za biashara. Nikamwuliza kiongozi wetu, biashara gani sasa? Akanijibu: "Wewe ni frilansa. Frilansa ni mfanyabiashara, bidhaa yake ni ngoma." Nililipenda neno lile. Mtu aliyezoea kuitwa kwa kupigiwa mluzi, akiambiwa yeye ni mfanyabiashara, lazima shingo inyooke.

Kule kazi zilipatikana kwenye makundi ya WeChat, mtandao wao wa kutumiana ujumbe kwa simu. Mtu anaweka tangazo: wanawake wawili weusi, ngoma ya Afrika, Jumamosi, mji fulani, yuan kadhaa. Wa kwanza kujibu ndiye anayekwenda. Nimecheza kwenye ufunguzi wa maduka. Nimecheza kwenye uwanja mtupu mbele ya majumba ya ghorofa yaliyokuwa yakiuzwa, ambako kazi yetu ilikuwa kuonekana tu, ili mnunuzi aone wageni na adhani pana heshima. Siku moja nilivishwa manyoya kichwani nikatangazwa kuwa ni Mbrazili. Sikusema kitu. Nilicheza hatua za chakacha kwa muziki wa samba, watu wakapiga makofi, nami nikarudi chumbani nikiwa na huzuni ambayo sikujua niiite nini.

Kuhusu malipo, nilikuja kujua baada ya miezi miwili kwamba sho niliyolipwa yuan 600 mwenye duka alikuwa ametoa 2,000. Katikati walikuwamo watu watatu, kila mmoja amechukua chake kutoka kwa aliye juu yake. Yuan 600 siku hizo zilikuwa kama shilingi elfu tisa na kitu, kwa hivyo sikulalamika. Ukilinganisha na mia tano za Shanzu, ungelalamika? Lakini angalieni mpangilio wenyewe. Watu watatu wamekula kwenye kazi yangu, na hapana hata mmoja aliyekuwa mwajiri wangu.

Mwezi wa nne tukapata mkataba wa mdomo kwenye bustani moja ya burudani kusini mwa nchi. Sho tatu kwa siku, nne mwisho wa wiki. Siku moja mvua ilikuwa imenyesha na mbao za jukwaa zilikuwa bado na utelezi. Mwenzetu mmoja, kijana wa Likoni, aliruka pete ya tatu akatua vibaya, mkono ukavunjika juu kidogo ya kiwiko. Nilikuwa pembeni nimeshika pete. Nilisikia mfupa. Amenikubalia nilisimulie hili, na yumo humu ndani leo.

Hospitali ilitaka amana kwanza. Tukamwendea msimamizi wa bustani. Hakuwa mtu mbaya, alituletea maji na kiti. Akafungua faili lake, akatafuta, akatwambia kupitia mkalimani: "Huyu si mfanyakazi wetu. Sisi tunalipa kampuni." Tukaipigia kampuni. Ikasema: "Sisi ni watafutaji nafasi tu, yeye ni frilansa." Tukampigia kiongozi wetu, ambaye wakati huo alikuwa mji mwingine. Akasema: "Mimi niliwasindikiza tu." Ikabaki bima ya safari tuliyonunua hapa Mombasa. Ilikuwa ya mtalii, na swali lake la kwanza lilikuwa: aliumia akifanya nini? Ukisema kweli, bima haimhusu mtu aliyekuwa kazini, na zaidi ya hapo umekiri kwamba umevunja masharti ya viza. Ukisema uongo, umejiongezea kosa la pili.

Tulichanga. Watu watano tulitoa pesa tulizokuwa nazo zote, na mwanamke mmoja wa pale bustanini, mfagiaji, akatoa noti mia moja ya yuan akaikunja mkononi mwangu bila neno. Mkono ulitibiwa siku ya pili yake. Mpaka leo haunyooki.

Ndipo nilipolielewa neno frilansa. Hapa nyumbani lina maana njema: unachagua kazi, unakataa usiyoitaka, ukiumia una mama, una jirani, una bodaboda wa kukukimbiza hospitali kule Makadara. Unaweza kuwa huru kwa sababu hakuna anayekuuliza kwa nini uko Mombasa. Ugenini ni mambo mengine. Kule, hata ruhusa ya kusimama juu ya ardhi inatokana na karatasi, na karatasi ya kazi inatokana na mtu au kampuni iliyokwenda serikalini ikasema: huyu ni wangu, nitawajibika. Basi anayekuchukua kwa viza ya matembezi na kukuita huru, aliyewekwa huru hapo ni yeye. Wewe umebaki bila mtu.

Sheria ya China, ambayo sisi hatukuisoma, iko wazi kabisa. Mgeni afanyaye kazi anahitaji kibali cha kazi na viza ya herufi Z, na kibali kinaombwa na mwajiri aliye kule. Tangu Januari 2015, hata kazi ya siku 90 au chini yake inahesabiwa: onyesho la ngoma la kulipwa, maonyesho ya mavazi, kusimama kando ya gari kwenye maonyesho ya magari, kupigwa picha za tangazo. Zote zinataka viza ya Z. Na sheria ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, inamtoza mgeni anayefanya kazi kinyume chake faini ya yuan 5,000 mpaka 20,000, na mambo yakiwa mazito anafungiwa siku 5 mpaka 15. Aliyemwajiri anatozwa yuan 10,000 kwa kila mtu, jumla isipite 100,000. Linganisheni wenyewe. Mwenye ukumbi akilipa anafungua ukumbi kesho yake. Mchezaji analipa, analala ndani, anarudishwa kwao, na nchi ile inaweza kumfungia mlango.

Rafiki yangu mmoja, mwanamitindo wa hapa hapa kisiwani, alikamatwa usiku kwenye klabu akiwa na viatu virefu na gauni la kuazima. Hakuwa na pasipoti mkononi kwa sababu ilikuwa kwa wakala, "kwa usalama". Naomba niliseme hili polepole. Pasipoti ya Kenya hata wewe si mwenyewe. Ni mali ya Serikali ya Kenya, imeandikwa ndani yake. Ikiwa wewe huna mamlaka ya kuiweka rehani, seuze wakala wa sho.

Na siku ukikamatwa, liko jambo moja ambalo askari hatalikumbuka kwa niaba yako. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kibalozi, kifungu cha 36, unakupa haki ya ubalozi wako kuarifiwa kwamba umeshikwa. Lakini uombe. Usipoomba, hawalazimiki kupiga simu. Jifunze sentensi hiyo moja kwa lugha ya huko kabla hujajifunza "asante".

Sasa nizungumze na wanamitindo, maana wao wana shimo lao peke yao. Mcheza sarakasi anajua amelipwa au hajalipwa. Mwanamitindo anaweza kufanya kazi miezi mitatu, akaonekana kwenye mabango, akaondoka akiwa na deni. Inakuwaje? Wakala anasema tiketi juu yetu, chumba juu yetu. Juu yetu maana yake tutakukopesha. Tiketi inaandikwa, kitanda kwenye chumba cha watu sita kinaandikwa, kadi za picha zako zinaandikwa, gari la kukupeleka kwenye usaili linaandikwa, na hela ndogo ya chakula ya kila wiki inaandikwa vile vile. Vyote vinakatwa kwenye malipo ya kwanza, baada ya wakala kuondoa asilimia yake. Masoko mengi ya Asia hutoa mkataba wenye kiwango cha chini cha malipo, na huo ni mzuri, lakini soma kipengele cha vipimo. Nimeona mkataba uliosema nyonga zikiongezeka sentimita mbili kiwango kinafutwa. Msichana ambaye kwa woga hali chakula, amefungwa na sentimita mbili.

Na picha zako. Uliza zitatumika wapi, kwa muda gani, kwa bidhaa gani. Mwenzangu mmoja alipigwa picha za mavazi, akalipwa siku moja, baada ya mwaka akajiona kwenye tangazo la krimu ya kuchubua ngozi. Alikuwa amesaini kwamba picha zitumike "kwa kila matumizi". Hakuna alichoweza kudai. Alilia, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Nimesema mengi mabaya. Sikuja kuwafunga miguu. Mwaka 2018 nilikwenda Ujerumani kucheza kwenye sarakasi ya hema, miezi saba, na ile safari niliipenda. Mkataba ulikuja kabla ya tiketi. Ulikuwa na jina la kampuni, anwani, idadi ya sho kwa wiki, siku ya mapumziko, malipo, na nani analipa daktari. Kibali cha kazi kiliombwa na mwenye hema, na nilipokwenda kuomba viza nilikwenda na karatasi zake, si na hadithi. Karavani yangu, ile nyumba ya magurudumu, ilikuwa ndogo kuliko jiko la mama yangu, na mwezi wa kumi na moja mabomba yakaganda tukawa tunayeyusha barafu kwa birika. Siku moja niliteguka kifundo cha mguu. Nilipelekwa kwa daktari kabla sijamaliza kueleza. Nilikaa kwenye kile kiti cha kungojea nikalia, wakadhani ni maumivu. Nilikuwa namkumbuka kijana wa Likoni.

Mguu wangu na mkono wake havikupishana kwa ustadi wala kwa bahati. Mimi jina langu lilikuwa kwenye orodha ya mtu.

Hesabu pia hubadilika ukiwa umeandikwa, na hili lisiwashtue. Msanii wa nje anayealikwa Ujerumani kutumbuiza kwa malipo ya onyesho hukatwa kodi ya asilimia 15, na juu ya kodi hiyo tozo ya mshikamano ya asilimia 5.5 yake. Yaani kwenye euro 1,000 zinaondoka euro 158 na senti 25. Malipo yasiyozidi euro 250 kwa onyesho hayakatwi. Uingereza hukata asilimia 20. Vijana wengi huona makato wakadhani wameibiwa. Omba cheti cha kodi iliyokatwa, ukihifadhi; kile cheti ni ushahidi kwamba ulikuwa mfanyakazi halali, na siku ya kuomba viza nyingine kitasema kuliko wewe. Wenye mwaliko wa Uingereza nao wajue: msanii wa kulipwa aliyealikwa na taasisi ya kule anaweza kuingia kwa viza ya mgeni akafanya shughuli hiyo ndani ya siku 30 za mwanzo, mradi iwe imeelezwa kabla hajasafiri. Zaidi ya hapo ni viza ya kazi ya ubunifu, yenye cheti cha mdhamini. Tena mdhamini. Kila mlango utakaogonga utaulizwa habari za mtu mwingine.

Wazazi wangu, sehemu hii ni yenu. Tunayo sheria hapa hapa nyumbani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mkataba wa kwenda kufanya kazi nje ya Kenya uwe wa maandishi na uthibitishwe na afisa wa kazi. Afisa huyo hapaswi kupiga muhuri mpaka aridhike kwamba mtu amekubali kwa hiari, hakudanganywa wala kulazimishwa, ameuelewa mkataba, na afya yake inamruhusu. Mwajiri aliye nje hutakiwa kuweka dhamana, na wadhamini wawe watu wanaokaa Kenya. Mawakala wa ajira nao wanasajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na usajili huo unaweza kuulizwa. Sasa angalieni ujanja ulipo. Sheria hiyo inazungumzia mkataba wa ajira. Neno frilansi likiingia tu kwenye ujumbe, wakala anasema hapa hapana ajira, kwa hivyo hapana afisa, hapana muhuri, hapana dhamana. Neno moja limekutoa kwenye ulinzi wa nchi yako kabla hata hujafika uwanja wa ndege wa Moi.

Na ikiwa mtoto amekwenda kwa ahadi ya ngoma, akafikia kunyang'anywa pasipoti na kulazimishwa kazi nyingine, hiyo si bahati mbaya ya safari. Ni usafirishaji haramu wa watu. Sheria ya mwaka 2010 ya kupambana nao inaweka kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Hapo mnakwenda polisi. Najua aibu inavyofunga mdomo, hasa akiwa ni binti. Mama yangu alinificha kwa majirani mwaka mzima, akisema niko Nairobi nasomea hoteli. Alikuwa akiogopa neno "mcheza ngoma" kuliko alivyoogopa China. Na kwa sababu alinificha, hakuna hata mtu mmoja mtaani aliyejua niko wapi. Ningepotea, ungetafutwa mji usio wenyewe. Nawaombeni mtaje. Mwambieni imamu, mchungaji, mwenyekiti wa kijiji: mwanangu yuko mji fulani, anacheza mahali fulani, mwenye kazi ni fulani.

Nirudi kwa binti wa Kisauni, maana bado anangoja jibu, na amekaa safu ya tatu.

Mdogo wangu, Dubai kipo kibali cha kweli cha frilansa. Kinatolewa na maeneo huru ya biashara ya kule, kina ada yake, na kina jina lako juu yake. Ujerumani vile vile ina ukaazi wa msanii anayejitegemea. Kwa hivyo siwezi kukwambia kwamba frilansa ugenini hayuko. Yuko, na ana karatasi inayosema hivyo. Viza ya matembezi haisemi hivyo. Viza ya matembezi inasema umekwenda kutembea.

Jumatano asubuhi nilikwambia umrudishie mtu yule maswali manne, mkayaandika pamoja na mama yako. Jina la kampuni itakayoomba kibali chako cha kazi ni lipi? Ukumbi utakaocheza uko wapi, na mwenye ukumbi anaitwa nani? Ukivunjika mguu jukwaani, bima ya nani inalipa? Pasipoti yako itakaa kwa nani? Hukumtukana, hukumshuku kwa sauti. Uliuliza kama anavyouliza mfanyabiashara, maana si wamekuita mfanyabiashara?

Umenionyesha jibu lake hapa mlangoni. Ameandika: "Mbona maswali mengi? Nafasi zinajaa, wenzako watano wameshakubali."

Wenzako hao watano ndio walionileta hapa leo, kuliko hata wewe. Wewe umeuliza. Wao wako Pwani hii hii, pengine Bombolulu, pengine Ukunda, wanafunga mabegi, na kiti cha sita kilichobaki wazi atapelekewa mtu mwingine ujumbe ule ule usiku wa leo. Anayewajua awafikishie. Si lazima awaambie wasiende. Awape yale maswali manne tu, wamwulize na wao.

Mimi kuanzia Jumatatu nitakuwa hapa kila siku baada ya alasiri mpaka magharibi, meza ile ya karibu na mlango. Yuko wakili kijana aliyejitolea kukaa nami siku za Jumatano, na mwenzetu mmoja anayesoma Kichina. Leteni mikataba, leteni ujumbe wa simu, leteni viza mliyokwisha kugongewa hata kama tiketi ni ya kesho. Waliorudi na madeni pia waje, na waliorudi na mkono usionyooka. Hatutozi kitu. Kama mkataba umeandikwa kwa lugha usiyoijua, usisaini. Lete hivyo hivyo ulivyo, tutausoma pamoja.